Baraka za Yakobo na Makabila Kumi na Mawili ya Israeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapofundisha sura ya 49 ya kitabu cha Mwanzo, ambamo Yakobo akiwa kitandani karibu na kufa anawaita wanawe 12 na kumtamkia kila mmoja neno lake, mikono huanza kuinuka kabla sijafika mstari wa tano. Maswali mengine ni ya kuhesabu na kupanga majina. Mengine yanatoka ndani kabisa: mtu aliyewahi kutamkiwa neno zito na baba yake anataka kujua kama neno hilo limemfunga yeye na watoto wake. Nimeandika hapa yale yanayorudi mara nyingi, pamoja na majibu ninayotoa. Majina nimeyaacha kama yalivyo katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea.

Tukio lilitokea wapi, na Yakobo alikuwa na umri gani?

Lilitokea Misri, katika nchi ya Gosheni, wala si Kanaani kama wengi wanavyodhani. Yakobo alishuka huko wakati wa njaa akiwa na miaka 130, akaishi miaka mingine 17, akafa akiwa na miaka 147.

Hiyo 17 isikupite hivi hivi. Yusufu alipouzwa na ndugu zake alikuwa kijana wa miaka 17. Kwa hiyo baba alikaa na mwanawe miaka 17 ya kwanza, akamlilia kama marehemu kwa zaidi ya miaka 20, kisha akapewa tena miaka 17 ya kuwa karibu naye. Ukizifuata hesabu za Mwanzo, siku ya baraka Yusufu alikuwa na miaka 56. Benyamini, kitinda mimba, tayari ametajwa na wana kumi katika orodha ya walioshuka Misri. Waliokizunguka kile kitanda walikuwa watu wazima wenye nyumba zao, na kila mmoja alijua vizuri alichokuwa amekifanya ujanani.

Hizi ni baraka, ni wosia, au ni unabii?

Ni vyote vitatu. Mstari wa kwanza unasema Yakobo aliwaita wanawe awaambie yatakayowapata siku zijazo. Mstari wa 28 unasema aliwabariki, kila mmoja kwa mbaraka wake. Kuanzia mstari wa 29 anawausia juu ya maziko yake.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana mandhari hii. Mzee akihisi safari imekaribia huita watoto, hutaja deni lililobaki, huonyesha atakapozikwa, kisha huwaachia radhi. Yakobo anafanya hivyo hivyo, ila kwa tofauti moja kubwa: hana ardhi ya kugawa palepale alipo. Ni mgeni katika nchi ya Farao. Ardhi ambayo wanawe watagawana ni ya watu wengine bado, na kaburi la familia liko mbali, Hebroni. Karibu chote anachowaachia ni maneno.

Na maneno yenyewe hayaanguki kutoka hewani. Kwa wana wanne wa kwanza, unabii unaanzia kwenye kumbukumbu: Reubeni na kitanda cha baba yake, Simeoni na Lawi na upanga wa Shekemu, Yuda na ndugu zake. Kwa wengine kadhaa anaanzia kwenye jina. Katika Kiebrania jina la Yuda linafanana na neno la kusifu, ndipo anaambiwa ndugu zake watamsifu. Jina la Dani linafanana na neno la kuhukumu, naye anaambiwa atawahukumu watu wake. Baba aliyewalea miaka yote hiyo anawatazama usoni, na kutoka hapo anatazama mbele.

Reubeni alikuwa mzaliwa wa kwanza. Alipoteza nini hasa?

Alipoteza ukuu. Kosa lake limetajwa kwa mstari mmoja mfupi katika Mwanzo 35:22: alilala na Bilha, suria wa baba yake. Maandiko yanasema Yakobo alisikia, kisha yananyamaza. Kimya hicho kinadumu hadi kitandani Gosheni, ambako mzee anaanza kwa kumsifu, nguvu zangu, mwanzo wa uwezo wangu, halafu anamgeukia ghafla na kumfananisha na maji yanayofurika.

Haki ya kifungua mimba ilikuwa na vitu viwili: sehemu maradufu ya urithi, na uongozi wa nyumba. Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 5, inaeleza vilikoenda. Urithi maradufu ulikwenda kwa Yusufu, kwa sababu wanawe wawili walihesabiwa kila mmoja kabila lake. Utawala ulikwenda kwa Yuda. Kabila la Reubeni lilikaa mashariki ya Yordani pamoja na mifugo yake. Dathani na Abiramu, waliomwasi Musa jangwani, walitoka humo. Wakati wa Debora, mwamuzi aliyeiongoza Israeli kabla ya wafalme, vita vilipopigwa, Reubeni alibaki mazizini akitafakari. Sioni mwamuzi wala mfalme yeyote wa Israeli anayetajwa kutoka kabila hilo.

Hata hivyo nisimwonee. Ni Reubeni huyu huyu aliyejaribu kumwokoa Yusufu asiuawe, akakusudia kumtoa kisimani na kumrudisha kwa baba yao.

Simeoni na Lawi walipewa neno moja. Mbona mwisho wao ulikuwa tofauti?

Kwangu mimi hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika sura hii, kwa hiyo nivumilie.

Dina, dada yao, alidhulumiwa na mwana wa mkuu wa mji wa Shekemu. Simeoni na Lawi walijifanya wamekubali ndoa kwa sharti wanaume wote wa mji watahiriwe, na siku ya tatu, wanaume hao wakiwa bado na maumivu, wakaingia na panga wakawaua wote. Yakobo hakulisahau. Miaka mingi baadaye anasema nafsi yake isiingie katika baraza lao, na kwamba atawagawanya katika Yakobo na kuwatawanya katika Israeli.

Soma mstari wa 7 polepole. Kilicholaaniwa ni hasira yao. Wana wenyewe hawalaaniwi. Baba anatenganisha mtu na kitu kilichomtawala mtu, na sidhani kama alifanya hivyo kwa bahati mbaya.

Sasa tazama kutawanyika kwenyewe. Katika hesabu ya kwanza jangwani Simeoni alikuwa na wanaume 59,300 wa kwenda vitani. Katika hesabu ya pili, kwenye nchi tambarare za Moabu, walikuwa 22,200. Hakuna kabila lililopungua kiasi hicho. Kanaani ilipogawanywa, Simeoni hakupata eneo lake la kujitegemea. Alipewa miji ndani ya urithi wa Yuda, na taratibu akamezwa. Musa alipobariki makabila kabla ya kufa kwake, jina la Simeoni halikutajwa kabisa.

Lawi naye alitawanywa, tena kuliko Simeoni. Hakupewa jimbo hata moja. Alipewa miji 48 iliyosambaa katika makabila yote, na 6 kati ya hiyo ilikuwa miji ya makimbilio. Lakini Lawi alitawanywa akiwa kuhani, mwalimu wa torati, mtunza hema. Kila kabila lilikuwa na Walawi wake. Kilichobadilisha mambo kinasimuliwa katika Kutoka 32: watu walipoabudu ndama wa dhahabu, Musa alisimama kwenye lango la kambi akauliza aliye upande wa Bwana, na wana wa Lawi ndio waliomwendea. Siku ile upanga wao ulitumika tena, na habari ni nzito. Watu wapata 3,000 walikufa. Ila safari hii hawakujitumikia wenyewe. Musa anapowabariki baadaye hataji Shekemu. Anataja Urimu na Thumimu, vile vitu vya kuhani vya kuulizia mapenzi ya Mungu, mafundisho, uvumba na madhabahu.

Neno ni lile lile, kutawanywa, na lilitimia kwa wote wawili kama lilivyosemwa. Mmoja lilimfuta kwenye ramani, mwingine likampeleka kila mahali.

Baba yangu alinitamkia maneno mabaya. Je, nimefungwa kama Reubeni?

Swali hili huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka. Naheshimu uzito wa radhi za mzazi. Nimelelewa katika kuziheshimu, wala simshauri mtu azidharau. Lakini sioni mahali popote katika sura hii ambapo neno la baba linamfungia mtu mlango wa Mungu. Lawi nimekwisha kumweleza. Na Reubeni mwenyewe, yule aliyeambiwa hatakuwa na ukuu, ndiye wa kwanza kutajwa Musa anapobariki, na anachoombewa ni uhai: Reubeni aishi, asife. Ezekieli alipoonyeshwa mji wenye malango 12, Reubeni ana lango lake, na Simeoni ana lake.

Kama mzazi wako yu hai, nenda ukaongee naye. Kama amekwisha kufa, kumbuka kwamba Yakobo mwenyewe aliogopa laana ya baba yake. Alimwambia Rebeka, mama yake, hivyo kabla ya kuvaa ngozi za mbuzi ili amdanganye Isaka. Aliishi na woga huo, alikimbia nao hadi kwa Labani, mjomba wake, na bado alirudi nyumbani, akamzika Isaka akisimama pamoja na Esau.

Kwa nini utawala alipewa Yuda, mwana wa nne?

Watatu waliomtangulia walikuwa wameanguka, hilo ni jibu la haraka. Lakini Yuda naye hakuwa safi. Ndiye aliyetoa shauri Yusufu auzwe kwa Waishmaeli, na katika sura ya 38 anakutwa na aibu ya Tamari, mkwewe, hadi anakiri mbele ya watu kwamba yule mwanamke ana haki kuliko yeye.

Badiliko lake linaonekana njaa ilipozidi. Yuda alimwambia baba yake: mimi nitakuwa mdhamini wa Benyamini, umtake mkononi mwangu. Kisha kule Misri, kikombe cha fedha kilipoonekana katika gunia la Benyamini, alisogea mbele ya mkuu asiyemjua, kumbe ni Yusufu, akajitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake. Aliyemuuza ndugu akawa tayari kuuzwa kwa ajili ya ndugu. Hotuba yake katika sura ya 44 ni miongoni mwa hotuba ndefu zaidi katika kitabu chote cha Mwanzo, na mwisho wake Yusufu anashindwa kujizuia, analia kwa sauti.

Kwa hiyo Yakobo anapomwita mwana-simba na kusema fimbo ya enzi haitaondoka kwake, anasema na mtu aliyekwisha kuonyesha anaweza kubeba wengine. Karne nyingi baadaye Daudi, wa Bethlehemu ya Yuda, alitawala Hebroni miaka 7 na miezi 6, kisha Yerusalemu miaka 33.

Jambo moja la lugha ambalo wanafunzi wangu hulipenda: neno la Kiebrania linalotafsiriwa hapa kuwa fimbo ya enzi ndilo hilo hilo linalotafsiriwa kwingine kuwa kabila. Kabila ni fimbo. Anayejua maana ya bakora mkononi mwa mzee wa ukoo hatashangaa.

"Shilo" katika mstari wa 10 ni nani au ni nini?

Kiebrania kina neno gumu hapo, na tafsiri zinaachana. Baadhi zinaliacha kama jina, Shilo. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema atakapokuja Yeye, mwenye milki, ikifuata usomaji unaoligawa neno liwe na maana ya aliye na haki ya kitu. Wengine wamelisoma kuwa ushuru au kodi italetwa kwake. Upo pia mji wa Shilo, katika nchi ya Efraimu, ambako hema ya kukutania ilisimama kabla ya enzi za wafalme, lakini kuufunga mstari huu na mji huo kunaleta taabu, kwani utawala wa Yuda ulianza baada ya Shilo kupoteza nafasi yake.

Tafsiri ya kale ya Kiaramu iitwayo Onkelosi inamtaja Masihi hapo waziwazi. Wakristo wanaufuata mkondo huo na kuuona umetimia kwa Yesu, ambaye Waebrania 7 inasema alitoka Yuda, na ambaye Ufunuo 5:5 unamwita Simba aliye wa kabila la Yuda. Ndivyo ninavyoamini na mimi. Wayahudi wanaosubiri bado wanausoma kwa matumaini yao. Nawasihi wanafunzi wajue kwamba neno lenyewe ni gumu kabla ya kulijengea mahubiri ya saa mbili.

Kwa nini Yakobo alipishanisha mikono juu ya wana wa Yusufu?

Hii ni sura ya 48, na ni lazima isomwe kabla ya 49. Yusufu aliwaleta Manase na Efraimu, akampanga mkubwa upande wa mkono wa kuume wa babu. Yakobo akapishanisha mikono, wa kuume ukaangukia kichwa cha Efraimu, mdogo. Yusufu akaudaka ule mkono auhamishe. Mzee akakataa: "Najua, mwanangu, najua."

Macho yake yalikuwa mazito kwa uzee, kama yalivyokuwa macho ya Isaka. Miaka mingi nyuma, Yakobo alitumia upofu wa baba yake kujipatia baraka ya kaka yake. Sasa yeye ndiye mzee asiyeona vizuri, na mdogo anatangulia tena, ila safari hii hakuna ngozi ya mbuzi wala uongo. Kila kitu kinafanyika mchana, baba wa vijana akiwa pale pale na akipinga waziwazi.

Picha nyingi huwachora Efraimu na Manase kama watoto wadogo mapajani. Walizaliwa kabla ya njaa kuanza, na Yakobo aliingia Misri njaa ikiwa na miaka miwili, akaishi 17. Kwa hiyo walikuwa vijana wa miaka 19 au zaidi.

Na baraka haikujionyesha mara moja. Hesabu ya kwanza jangwani inampa Efraimu 40,500 na Manase 32,200. Hesabu ya pili inageuka: Manase 52,700, Efraimu 32,500. Aliyekuwa Moabu siku ile angeweza kudhani babu alikosea mkono. Kisha akaja Yoshua, Mwefraimu, akawavusha Yordani. Na baadaye manabii, Hosea hasa, waliuita ufalme wote wa kaskazini kwa jina la Efraimu. Wazazi wa Kiyahudi hadi leo, jioni ya Sabato, huwabariki wana wao wa kiume wakiomba Mungu awafanye kama Efraimu na Manase.

Makabila ni 12 au 13?

Wana ni 12. Yusufu akitoa makabila mawili wanakuwa 13, na Lawi akiondolewa kwenye ugawaji wa ardhi wanarudi 12. Ndiyo maana orodha hazifanani: ya urithi haina Lawi lakini ina Efraimu na Manase, ya wana wa Yakobo ina Lawi na Yusufu. Ya Ufunuo 7, yenye 12,000 kwa kila kabila, inaye Lawi, inaye Yusufu na Manase, na haina Dani.

Kwa nini Dani hayumo katika Ufunuo 7?

Kitabu chenyewe hakisemi. Maelezo ya kawaida ni ibada ya sanamu. Wadani walishindwa kukaa katika urithi wao wa kusini-magharibi, wakatuma watu 600 wenye silaha kaskazini, wakauteka mji wa Laishi uliokuwa umekaa kwa amani, wakauita Dani, na njiani wakamnyang'anya mtu sanamu yake pamoja na kuhani wake. Baadaye Mfalme Yeroboamu aliweka ndama mmoja wa dhahabu hapo hapo. Yakobo alikuwa amemwita nyoka barabarani, bafe anayeuma kisigino cha farasi hadi mpanda farasi aanguke chali. Wengi wanamwona Samsoni, Mdani, katika mstari huo: mtu mmoja anayeangusha wakubwa kwa kuvizia. Na mara tu baada ya kumtaja Dani, mzee anakatiza maneno yake na kusema, "Nimeungojea wokovu wako, Ee Bwana." Wengine wanaona ni pumzi ya mgonjwa aliyechoka. Mimi naona ni sala.

Na hao wengine ambao hawazungumzwi sana?

Zabuloni aliahidiwa pwani na merikebu, ingawa mipaka yake katika Yoshua 19 haifiki baharini waziwazi. Nazareti iko katika eneo lake. Isakari aliitwa punda mwenye nguvu anayelala kati ya mizigo, akipenda nchi nzuri kiasi cha kukubali kazi ya kulazimishwa, na kweli alikaa penye bonde lenye rutuba la Yezreeli. Gadi, mashariki ya Yordani, atashambuliwa na vikosi lakini atawarudi. Asheri ni chakula kinono na vitamu vya wafalme. Musa anaongeza kwamba atachovya mguu wake katika mafuta, na milima ya Galilaya ya magharibi ni nchi ya mizeituni kweli. Naftali ni ayala aliyefunguliwa. Baraka, jemadari wa Debora, alitoka kwake.

Maneno ya Yusufu na Benyamini yana maana gani?

Yusufu amepewa maneno mengi, yakikaribiana na ya Yuda kwa urefu. Ni mti uzaao kando ya chemchemi, matawi yake yametanda juu ya ukuta; wapiga mishale walimchukia, upinde wake ukakaa imara. Anayemfahamu Yusufu anajua wapiga mishale hao ni akina nani, nao wamekaa chumbani humo humo wakisikiliza. Kisha neno baraka linarudiwa tena na tena ndani ya mistari miwili: za mbinguni, za vilindi, za maziwa na za tumbo, hadi unahisi mzee anatafuta neno lingine halipati.

Benyamini ni mbwa-mwitu anayerarua, asubuhi akila mawindo na jioni akigawa nyara. Inashangaza kumsikia kipenzi wa baba akiitwa hivyo. Lakini angalia kabila lake: Ehudi aliyemuua Egloni mfalme wa Moabu, mashujaa 700 wa mkono wa kushoto waliorusha jiwe kwa kombeo bila kukosa unywele, vita vya Gibea vilivyobakiza wanaume 600 tu, na Mfalme Sauli. Mordekai na Esta nao walikuwa wa kabila hilo, na Paulo pia.

Kuna ushahidi wowote nje ya Biblia?

Kuhusu kitanda cha Gosheni, hapana. Maneno ya baba kwa wanawe hayaachi magofu. Kuhusu Israeli na makabila yake, upo. Jiwe la Farao Merneptah, la karibu mwaka 1208 KK, lililopatikana Thebes mwaka 1896, linataja watu waitwao Israeli huko Kanaani. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililoonekana Dhiban mwaka 1868, linasema watu wa Gadi walikuwa wamekaa nchi ya Atarothi tangu zamani. Na mwaka 1993, huko Tel Dan, ule mji wa Wadani, kilipatikana kipande cha jiwe chenye maandishi ya Kiaramu ya karne ya 9 KK yanayotaja nyumba ya Daudi.

Wataalamu wengi wanasema lugha ya Mwanzo 49 ni ya ushairi wa kale sana, na baadhi wanadhani unaeleza makabila yalivyokuwa zama za waamuzi. Wimbo wa Debora, katika Waamuzi 5, unaorodhesha makabila bila kumtaja Yuda, Simeoni wala Lawi. Wanafunzi wangu wengine hushtuka kusikia hivyo. Nawaambia wasome mashairi yote mawili, waweke majina sambamba, kisha tuongee.

Je, makabila kumi yalipotea kweli?

Waashuru waliuangamiza ufalme wa kaskazini kwa hatua. Tiglath-pileseri wa Tatu alizichukua Galilaya na Gileadi miaka ya 733 na 732 KK. Samaria ikaanguka karibu mwaka 722 KK. Sargoni wa Pili anajisifu katika maandishi yake kwamba alihamisha watu 27,290. Hao ni wengi, lakini si taifa zima. Hezekia alipowaalika watu wa kaskazini kwenye Pasaka, wengine wa Asheri, Manase na Zabuloni walikuja Yerusalemu. Na katika Luka 2, nabii mzee Ana, anayemwona mtoto Yesu hekaluni, ni wa kabila la Asheri.

Huku kwetu Afrika habari hizi zina uzao wake. Mwaka 1973 Rabi Mkuu wa Wasefaradi wa Israeli, Ovadia Yosef, aliwatambua Beta Israel wa Ethiopia kuwa Wayahudi wa ukoo wa Dani, na mwaka 1991 zaidi ya watu 14,000 wa jamii hiyo walisafirishwa kwa ndege kwenda Israeli katika muda wa kama saa 36. Wafalme wa Ethiopia hadi Haile Selassie, aliyeondolewa mwaka 1974, walijiita Simba wa kabila la Yuda. Abayudaya wa Mbale, Uganda, ni habari nyingine: hawadai damu ya kabila lolote. Semei Kakungulu alisoma maandiko, na mwaka 1919 akaamua kuishika dini ya Kiyahudi, wafuasi wake wakamfuata.

Qur'ani inasemaje kuhusu Yakobo na wanawe?

Majirani zangu Waislamu huniuliza, nami nafurahi kujibu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 133, inamwonyesha Nabii Yaakub mautini akiwauliza wanawe watamwabudu nani baada yake, nao wanajibu kwamba watamwabudu Mungu wake na wa baba zake, Ibrahimu, Ismaili na Is-haka, Mungu Mmoja. Mapokeo ya Kiyahudi yana tukio linalokaribiana sana: wana wanamjibu Yakobo kwa maneno ya "Sikia, Israeli". Makabila 12 yametajwa katika sura ya Al-Aaraf, aya ya 160, pamoja na chemchemi 12, kila kundi likijua mahali pake pa kunywa. Maneno ya kila mwana mmoja mmoja, kama yalivyo Mwanzo 49, hayamo.

Yakobo alizikwa wapi?

Alipomaliza kuwausia alikunja miguu yake kitandani, akakata roho. Waganga wa Misri walimpaka dawa siku 40, Wamisri wakamlilia siku 70, kisha wanawe wakambeba hadi Kanaani, katika pango la Makpela huko Hebroni, ambalo Ibrahimu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha.

Raheli, mke ambaye Yakobo alifanya kazi miaka 14 ili ampate, alikuwa kaburini peke yake kando ya njia ya Efrathi. Katika pumzi zake za mwisho Yakobo anahesabu waliolala Makpela: Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka. "Na huko nilimzika Lea." Huko ndiko alikotaka kulazwa, karibu na mama wa Lawi na Yuda.